Msimu wa Kufumua

Kazi yangu ni kufuma sweta za shule. Nina mashine moja ya mkono, ile ya kusukuma kwenda na kurudi, na vyumba viwili vya kupanga hapa Majengo, Nyeri, nyuma ya msikiti. Cha mbele ni duka, cha nyuma tunalala. Mtu asiyeijua kazi hii hudhani baridi ya Nyeri inanilisha mwaka mzima. Wapi! Watu wazima wananunua mitumba. Mimi nalishwa na Januari. Shule zikikaribia kufunguliwa wazazi wanajaa mlangoni mpaka jirani analalamika kwamba hawezi kupita na ndoo yake. Februari inamalizia waliochelewa. Mwezi wa tatu ukiingia, kimya, na kimya hicho kinaweza kufika mwezi wa kumi na moja.

Sipendi kimya. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa mkunga akiwa bado ananawa mikono. Nakula nikiwa nimesimama. Mteja akianza kunieleza anachotaka, namalizia sentensi yake. Mume wangu ndiye aliyekuwa na utulivu nyumbani. Alikuwa fundi wa mawe, mtu wa nyundo, patasi na timazi, na kuta zake hazikuwahi kupinda. Mvua ndefu zikisimamisha ujenzi, wenzake walinuna na kwenda kucheza karata. Yeye alikaa mlangoni akinoa patasi moja moja, asubuhi mpaka saa sita. Nilikuwa namcheka. Namwuliza, hizo patasi unazinoa au unazibembeleza? Aliendelea kunoa.

Jumapili moja ya Februari, mwaka juzi, alikuwa akivaa viatu tuende kanisani, akaanguka kutoka kitandani. Daktari alisema kiharusi. Mguu wa kulia ulirudi kidogo baada ya wiki chache, akaweza kutembea kwa fimbo. Maneno yalirudi yakiwa mazito. Mkono wa kulia haukurudi. Ulikaa umejikunja, vidole vimefunga, na ukiufungua kwa nguvu ulijifunga tena wenyewe.

Hospitalini kulikuwa na msichana wa mazoezi, mpole lakini hapindishi maneno. Alituambia, "Mama, mkono ukikaa bila kazi mwaka huu, kichwa kitausahau. Hii miezi ya kwanza ndiyo ya kupigania. Baadaye itakuwa ngumu sana." Akampa mpira mdogo wa kufinyafinya, mara mia asubuhi, mara mia jioni.

Tulipofika nyumbani mume wangu aliurusha ule mpira chini ya kitanda kwa mkono wa kushoto. "Mimi nimejenga makanisa," akasema, na ilimchukua muda kuyatoa maneno yote. "Siwezi kaa hapa nikicheza mpira kama mtoto."

Akaketi kwenye kiti karibu na mashine yangu, akaangalia ukuta. Aliangalia ukuta mwezi wa tatu, akaangalia ukuta mwezi wa nne. Nami nikamfanyia kila kitu, na kila kitu nilikifanya mbio. Nilimlisha mbio. Nilimvalisha kama unavyomvalisha mtoto ambaye kengele ya shule imeshalia. Nasema wazi nilichoogopa: sikuogopa njaa. Njaa naijua, tumepatana mara nyingi. Niliogopa kwamba mwanaume niliyemjua angekaa pale mpaka afe, mkono wake umelala mapajani kama mzigo wa mtu mwingine alioachiwa achunge.

Sasa, mimi nikiogopa nafanya kazi. Nikasema huu msimu mkavu haunikuti nimekaa. Nitafuma sweta za Januari kuanzia sasa, wenzangu wakiamka mwezi wa kumi na mbili wanikute nimemaliza. Kuna shule moja kubwa mjini niliyokuwa nimeifumia miaka kumi na mmoja: kijani, na mistari miwili ya manjano shingoni. Nikanunua uzi. Nikaanza na zile kubwa, za madarasa ya juu, maana hizo ndizo zinazochosha. Mashine ililia kutwa nzima mpaka Bibi, jirani yangu, akaja kusimama mlangoni na buibui yake na kikombe cha chai mkononi.

Bibi amezaliwa hapa hapa Majengo, na mama yake pia, na Kiswahili chake kimenyooka kiasi kwamba mimi nikiongea mbele yake nasikia haya. "Mwanangu," akaniuliza, "umewauliza hao wenye shule?"

"Niwaulize nini? Miaka kumi na mmoja!"

"Basi uliza mara ya kumi na mbili."

Nikamwambia ati mimi sifundishwi kazi yangu. Akanywa chai yake akaenda zake.

Mwezi wa sita nilikuwa nimefika sweta themanini na kitu, zimekunjwa kwenye magunia mawili. Nikakutana na mwalimu wa ile shule sokoni, anachagua viazi. Nikamwambia kwa maringo kwamba mwaka huu hamtanisumbua, mzigo wenu uko tayari. Akaacha viazi. "Tayari, rangi gani?" Ndipo nikaambiwa. Mwalimu mkuu mpya alikuja muhula wa pili. Kulikuwa na mkutano wa wazazi. Kuanzia Januari ni bluu nzito na mstari mweupe. "Kwani hukusikia, mama? Ilitangazwa hata kanisani."

Nilirudi nyumbani nikatukana. Sitaandika nilichosema kwa sababu kuna watu wa kanisa watakaosoma hapa. Niliyamwaga magunia yote mawili sakafuni, nikaketi juu ya sweta zangu za kijani nikalia kwa hasira, hasira ya kujikasirikia mwenyewe, ambayo ndiyo mbaya kuliko zote. Mume wangu aliniangalia. Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku nyingi kuona anaangalia kitu kisicho ukuta.

Kesho yake nikaenda duka la uzi mjini. Mwenye duka ni mzee wa Kihindi, duka alirithi kwa baba yake, na mimi amenijua tangu nikiwa naazimwa mashine ya watu. Nilitaka anirudishie angalau uzi ambao sijaufungua. Akatikisa kichwa. "Uzi hairudi dukani, mama. Lakini uzi ni uzi. Fumua." Akafikiri kidogo, akaniambia kuna shule ya watoto wadogo upande wa Othaya, wanavaa kijani hii hii, haina manjano. Aliyekuwa akiwafumia amehamia kwa binti yake Nakuru. Nikawa nimeshageuka kutoka nje, akaniita. "Mama! Enda uliza kwanza!" Na wafanyakazi wake wote wakacheka. Walikuwa wamesikia. Nyeri nzima ilikuwa imesikia.

Nikaenda Othaya nikauliza. Niliuliza mpaka nikawachosha: kijani gani, shingo gani, urefu gani, kuna mkutano wowote unakuja? Mwalimu mkuu, mama mmoja mwenye sauti ya chini, alisema anataka sweta sabini za watoto wadogo, zimfikie kabla shule hazijafunga mwezi wa kumi na moja. Nikapiga hesabu ya kazi nikiwa njiani. Sweta moja ya darasa la nane inatoa mbili za mtoto wa chekechea. Uzi ninao. Kilichobaki ni kufumua.

Kufumua si kuvuta tu. Kwanza unakata mshono kwa wembe, polepole, usiguse kitanzi. Kisha unatafuta ncha, ile ya mwisho uliyoifunga, maana ukianzia upande mwingine uzi unajisokota na kukataa. Ukishaipata, safu zinakuja moja baada ya nyingine. Uzi unaotoka umejikunjakunja, kwa hiyo unauzungusha kwenye mgongo wa kiti, unauosha kwa maji ya moto, unauanika ukiwa na chupa ya maji imening'inia chini ili unyooke. Ndipo uuviringe donge.

Nilikuwa nafumua ya kwanza kwa vurugu zangu za kawaida, uzi umetapakaa kila mahali, mume wangu akanyoosha mkono wa kushoto akalishika donge. Nikavuta, akaviringa. Lakini huwezi kuviringa kwa mkono mmoja. Donge lilimwanguka, akaliokota, likaanguka tena. Mara ya tatu akaliweka ndani ya ile ngumi ya kulia. Ngumi ikalishika. Haikuwa na nguvu ya kukishika kijiko, lakini donge la sufi ni laini na kubwa, likakaa. Akaanza kulizungushia uzi kwa mkono wa kushoto, mzunguko mmoja, akapumzika, mzunguko mwingine.

Na mimi nilifanya nini? Nilisubiri labda dakika tano. Kisha nikamwambia, "Lete hapa, utamaliza Krismasi!" Nikalichomoa donge kwenye ngumi yake, nikaviringa mwenyewe, fyu fyu fyu, nikamaliza.

Akaurudisha mkono mapajani. Akageuza kiti, kwa fimbo na kwa shida, akaangalia ukuta. Hakugusa uzi wiki nzima.

Nilijua nimekosa, lakini kujua na kukubali ni safari mbili. Bibi ndiye aliyenifikisha. Alinikuta mlangoni nikichambua njahi, yale maharage yetu meusi, kwa hasira, akauliza mume wangu ana nini, nikamweleza, nikaongeza kwamba asiniambie haraka haraka haina baraka, hiyo nilishaimba darasa la pili.

"Sikwambii hilo," akasema. "Nakuuliza tu. Mwezi huu umepata wateja wangapi?"

"Hakuna hata mmoja."

"Basi hiyo haraka unampelekea nani?"

Bibi akaniangalia kama mtu anayengoja chenji. Nikarudisha macho kwenye njahi, na nilipoinua kichwa alikuwa ameshaingia kwake.

Usiku ule sikufanya uamuzi wowote mkubwa. Asubuhi ndipo nilipomwekea mume wangu sweta nzima mapajani, ya kijani, kubwa, na wembe upande wa kushoto. Nikamwambia, "Mimi nimeshindwa kufumua. Navuta vibaya, uzi unakatika. Hii ni kazi ya mtu mwenye subira na mimi sina. Nimeahidi watu wa Othaya. Usiponisaidia nitaaibika mara ya pili." Haikuwa uongo. Nikatoka nje na karai la njahi kabla hajajibu, nikaketi nikimpa mgongo, kwa sababu nilijua nikimwona nitamnyang'anya.

Sweta ile ilimchukua siku nne. Siku nne! Mimi ningeichana kwa saa moja. Nilichambua njahi zangu zote, nikachambua za Bibi, nikaosha masufuria yaliyokuwa safi. Wakati mwingine nilisikia donge likianguka na kubingirika, na fimbo ikigonga sakafu akilifuata, na nilishika kiti changu kwa mikono miwili nisiinuke. Siku ya nne akaniita. Donge lilikuwa limekaa mezani, bovu, limevimba upande mmoja. Nikamwambia ni zuri. "Si zuri," akasema. "Ya pili itakuwa nzuri."

Hivyo ndivyo tulivyoukaa ule msimu. Yeye anafumua, mimi nafuma kile anachofumua, na kwa kuwa alikwenda polepole, ilinibidi nami niende polepole. Ule mpira wa hospitali ulibaki chini ya kitanda. Msichana wa mazoezi alipouona mkono wake mwezi wa nane aliuliza tunafanya nini nyumbani. Nikamwambia tunasahihisha makosa yangu. Akacheka akasema basi nikosee zaidi.

Mwezi wa saba ulikuwa umetutesa, nakubali. Baridi ya Nyeri ikikaza, na ule ukungu usioondoka mpaka saa sita, vidole vilirudi kufunga kama mwanzo, na siku mbili alikataa hata kujaribu. Akasema mkono umekufa, tuuzike huo mkono tumalize. Nikamjibu vibaya. Nikamwambia mimi sina pesa ya mazishi mawili. Aliniangalia, nikadhani nimeharibu, kumbe anacheka, kicheko chake cha upande mmoja. Nikachemsha maji ya kuosha uzi, nikayaacha yapoe kidogo, nikaitumbukiza mikono yake miwili ndani ya karai pamoja na uzi. Tangu siku hiyo kuosha uzi ikawa kazi yake. Ndani ya maji ya moto vidole vilikubali kufunguka, kimoja kimoja.

Kuna jambo jingine nililolipata ambalo sikulitafuta. Miaka yote hiyo nilikuwa sijawahi kuiona kazi yangu kwa ndani. Unafuma, unauza, mtoto anavaa, inaisha. Sasa niliona kila kitu nilichoficha: vitanzi nilivyoruka, mafundo niliyofunga katikati ya safu kwa kuwa nilikuwa na haraka, mabega yasiyolingana. Na mume wangu, fundi wa kuta zilizonyooka, alianza kuzitaja moja moja. "Huu mstari umepinda." Au, "Hapa ulishona ukiwa na hasira na nani? Umefunga kama jela." Nilikasirika, na kukasirika kwenyewe kulinipa raha, maana mtu anayekukosoa yuko hai. Nikajifunza kufunga safu bila fundo. Nikajifunza bega. Baada ya miaka kumi na tano ya kujiita fundi, nikawa fundi.

Mwezi wa tisa kidole gumba kilikutana na kile cha shahada. Nilikuwepo. Ncha ya uzi ilikuwa imejificha kwenye mshono, akaitafuta kwa mkono wa kushoto ikateleza, na mkono wa kulia ukaja wenyewe, polepole sana, ukaibana ncha ukaivuta. Wala yeye hakuona. Alikuwa ameshughulika na uzi. Mimi nilikwenda chumba cha nyuma nikauma mto nisipige kelele.

Sweta sabini zilifika Othaya wiki moja kabla ya tarehe. Mwalimu mkuu alizigeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye mabega, akaniuliza nafuma na nani. Nikasema na mume wangu.

Kisha Januari ikaja, na Januari haimsubiri mtu. Safari hii nilikuwa nimeenda ile shule kubwa mwezi wa kumi nikauliza rangi, nikarudi tena mwezi wa kumi na mbili nikauliza rangi ile ile. Bluu nzito, mstari mweupe. Wazazi wakajaa mlangoni kama zamani, ndoo ya jirani ikakosa njia, na mimi nikawa yule yule wa zamani. Mikono inaruka. Nasukuma mashine, napima, nakunja, namalizia watu sentensi zao.

Alikuja mama mmoja na binti yake wa darasa la kwanza. Sweta ilimtosha kila mahali isipokuwa mikono, iliyozidi vidole vitatu. Mama alitaka ifupishwe sasa hivi, gari lake linajaa. Mikono naifuma kuanzia begani kushuka, kwa hiyo ni kufumua ile sehemu ya mwisho, halafu naifunga upya kwa mashine. Mume wangu akanyoosha mkono akaichukua sweta. Akaiweka gotini akaanza kutafuta ncha.

Foleni ikasimama. Alitafuta. Vidole vya kulia vilipapasa pindo, vikateleza, vikarudi. Yule mama akaangalia nje, akaangalia saa, akaniinamia. "Mama, si ufanye wewe? Huyu mzee atatuweka hapa mpaka jioni."

Mkono wangu ulikuwa umeshatoka. Nilikuwa sijaamua lolote, mkono wenyewe ulikuwa umefika hewani, nusu ya njia, kuichukua ile sweta. Mume wangu akaacha kupapasa. Hakuniangalia kwa kuomba. Aliuangalia ule mkono wangu tu, akangoja auone unakwenda wapi.

Nikaurudisha, nikaukalia.

"Hapa anayefumua ni yeye," nikamwambia yule mama, kwa sauti ya watu wote. "Mwenye haraka, maduka ni mengi, na mengine yako karibu na stendi."

Hakuna aliyeondoka. Yule mama alivuta pumzi akamshika binti yake mkono. Nikasikia uzi ulivyoanza kutoka, trrr, safu ya kwanza, trrr, ya pili. Vidole vitatu vya urefu, pande zote mbili. Sijui ilichukua muda gani. Kisha akanipa sweta, kwa mkono wa kulia, nami nikaifunga kwenye mashine, mtoto akavaa, wakakimbilia gari lao.

"Ulitaka kuninyang'anya," akasema.

"Ndiyo."

"Niliona."

"Samahani, baba watoto."

"Siku nyingine ukijaribu nitakuvuta masikio." Na mbele ya wazazi wote, yeye ambaye tangu anioe hajawahi kunigusa mbele za watu, akainua mkono wa kulia, taratibu, ukapita kifua, ukapita bega, akalishika sikio langu kwa vidole viwili akalifinya. Watu wakacheka. Liliuma. Liliuma vibaya sana, mpaka machozi yakanitoka, na nilimwomba Mungu asiliachie.